Nililipigia Simu Tangi

Kazini kwetu Nyakato nilikuwa na sifa ya kumpenda mama. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilitoka nje nikasimama karibu na rundo la mabomba, simu sikioni, na wote walinisikia nikisema, "Shikamoo mama." Dada anayetupikia chai akawa ananitolea mfano. "Mwangalieni mwenzenu, asubuhi haipiti hajamjulia mama yake hali. Nyie mpaka mama zenu waugue." Mimi nilicheka kwa unyenyekevu wa kujifanya, nikachukua kikombe changu na andazi, nikaipokea ile sifa nzima nzima. Sikuwahi kumwambia kwamba baada ya marahaba, neno langu la pili lilikuwa, "Maji yamefika wapi?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nampigia mama. Nilikuwa nalipigia simu tangi, na mama ndiye aliyekuwa anapokea.

Sisi tunajenga matangi ya gesi ya samadi. Ni karakana ndogo, watu wachache, kelele nyingi. Tunachimba shimo, tunajenga ndani yake chombo cha duara cha tofali na zege kilichofunikwa juu, mwenye nyumba anakilisha mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, yanachacha humo, gesi inapanda, inakwenda jikoni kwa bomba. Maelezo yake ni mafupi hivyo. Kinachotusumbua ni presha. Mteja mmoja anapiga simu kulalamika kuwa moto unaruka mpaka ugali unaungua, mwingine analalamika kuwa moto wake hauwezi hata kuchemsha maji ya mtoto. Bosi wetu ni mzee wa Bukoba, mtu wa shati jeupe na maneno machache, na jambo lisipoeleweka hapati usingizi. Akasema amechoka kubahatisha. Anataka, kabla hatujachimba shimo la mtu, tuweze kumwambia: kwa ng'ombe ulionao na tangi la ukubwa huu, presha itapanda hivi kadiri tangi linavyojaa. Kazi hiyo akanipa mimi, maana nilisoma hesabu nyingi kuliko wenzangu na, nisijifiche, nilikuwa napenda wajue.

Mtu aliyewahi kushindilia pamba kwenye gunia ataelewa modeli yangu, ile hesabu ya kubashiri presha, bila kuona mlinganyo hata mmoja. Mikono ya kwanza ya pamba inaingia bila ubishi. Likifika nusu unaanza kutumia mguu. Likikaribia kujaa, kila unachosukuma ndani kinakusukuma na wewe, na kwenye mshono pamba inaanza kuchungulia. Na tangi ni hivyo hivyo. Gesi inaingia, presha inapanda haraka, lakini kadiri inavyopanda ndivyo gesi inavyotafuta pa kutokea, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka kinachoingia na kinachotoka vinakaribia kulingana. Ukichora, mstari unapanda kwa haraka, unapunguza mwendo, halafu unalala. Mimi nilitaka kujua unalala wapi na saa ngapi.

Modeli isiyo na vipimo ni porojo tu. Nilihitaji tangi la kweli na mtu wa kulipima kila siku bila kunidanganya, na nani asiyedanganya kama mama? Yeye anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, ndani kidogo kutoka barabara ya lami. Baba alishafariki. Wakati wa mvua za vuli nilikuwa nimekwenda na fundi mmoja tukamjengea tangi nyuma ya zizi. Majirani walikuja kulitazama wakiwa wameziba pua. Mama aliwaambia, "Chekeni tu, mtakuja kuomba moto hapa." Siku gesi ilipowaka mara ya kwanza aliimba. Alichemsha chai ya wanawake wote waliokuwepo, akamwita kila aliyepita njiani aje aone kitu alicholetewa na mtoto wake.

Ukutani jikoni nilimpigilia ubao, na juu ya ubao nikakunja mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mdomo mmoja kwenye bomba la gesi, mwingine wazi. Ndani nikatia maji yenye buluu ya kufulia ili ayaone vizuri. Gesi ikisukuma, maji yanashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Nikachora mistari ya sentimita ubavuni. Kazi yake ilikuwa moja: asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, asome maji yamepanda mpaka wapi, aniambie nikipiga.

"Hilo tu?" aliuliza.

"Hilo tu mama."

"Na utapiga kila siku?"

"Kila siku, bila kukosa."

Akacheka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Wakati ule niliona kafurahia tangi.

Basi ikawa hivyo. Shikamoo mama. Marahaba, hamjambo huko? Hatujambo, maji yamefika wapi? Sabini mwanangu, na kamstari kamoja. Haya mama, asante, kazi njema. Simu imekatika, namba nimeiingiza kwenye kompyuta, chai. Kuna siku alianza kunisimulia habari ya harusi ya jirani, nikamwambia nina haraka. Kuna siku alisema alikuwa anaota ota, nikamuuliza kama ameota kabla au baada ya kupima. Mungu wangu. Nilidhani nafanya mzaha.

Kumtembelea nilikuwa na sababu nzuri ya kutokwenda, nayo ilikuwa kivuko. Nani asiyekijua kivuko cha Kigongo? Ufike jua kali, magari yamepanga foleni, chombo kiko ng'ambo Busisi, usubiri, ule mahindi ya kuchoma, usubiri tena. Mama mwenyewe alikuwa ananitetea kwa watu: "Mwanangu angekuja, ni lile likivuko." Halafu daraja likafunguliwa. Unavuka ziwa kwa dakika chache umekaa kwenye gari lako, upepo unakupiga, umefika. Daraja lile lilininyang'anya kisingizio changu mchana kweupe, na bado sikwenda. Nikamwambia mama kwenye simu, "Siku hizi ni karibu sana mama, nitakuja wakati wowote." Akasema, "Eee, wakati wowote." Nikamuuliza maji.

Mstari wangu ulikuwa unatoka vizuri. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika kwamba nyumba ina ng'ombe watatu, na kwamba jioni mama anapika mpaka gesi inakaribia kwisha, usiku tangi linajaa upya, asubuhi tunapima. Namba alizonipa zilikaa juu ya mstari kana kwamba zimepangiwa viti. Bosi alisimama nyuma yangu akatazama. "Hii ni nzuri," alisema. Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha kiangazi kikaingia, na asubuhi moja mama akasema arobaini na tano.

"Ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Hapana mama, angalia vizuri."

"Nimeangalia."

Kesho yake ikawa thelathini na nane. Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na siku ile nilikuwa naingia kikaoni na bosi kuonyesha mchoro. Nikamwambia mama, kwa sauti ambayo nisingependa mtu mwingine yeyote amtolee, kwamba atakuwa anakoroga vibaya, anazidisha maji, au analisahau tangi kulilisha. Nikamwambia kazi yangu inategemea hizo namba. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka jinsi yalivyo, "Mama, usiniharibie."

Akasema, "Unajua, hawa ng'ombe, baba yako mdogo…"

Nikasema, "Mama, wananiita. Tutaongea kesho."

Kesho yake hakuzungumzia ng'ombe. Alisema, "Hamsini." Siku chache baadaye sitini. Kisha sabini, na ikabaki hapo hapo, asubuhi baada ya asubuhi, sauti yake imechangamka, mimi nimefurahi. Nikawaambia wenzangu kwamba ilikuwa makosa ya kukoroga tu na kwamba nimeshamrekebisha. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, kwamba nimemrekebisha mama yangu.

Sasa nieleze kosa langu, maana mtu wa kwetu akisoma hapa ameshaliona na anatikisa kichwa. Mimi ni Msukuma. Kwetu kiangazi kikikaza, majani yakaisha, ng'ombe wanahamishwa. Wanaswagwa mbali, mbugani, kwenye nyasi na maji, wanakaa huko mpaka mvua irudi. Hili halifundishwi shuleni, ni kama kujua jua linachomoza wapi. Mimi mwenyewe utotoni nilicheza rede ndani ya zizi, kila kiangazi, kwa sababu lilikuwa tupu na kavu na hakuna pa kuchezea pazuri kama hapo. Bosi wangu asingejua. Kwao ng'ombe analala nyuma ya nyumba mwaka mzima, analetewa majani kama bibi harusi, na samadi yake inakwenda kwenye migomba. Yeye akiona "ng'ombe watatu" anaona watatu wa Januari hadi Desemba. Lakini mimi? Niliketi Nyakato mbele ya kompyuta nikaandika watatu, nikaifunga namba ile isibadilike, na kichwani kwangu hakikupita hata kivuli cha zizi tupu. Miaka michache tu ya mjini, nikasahau ng'ombe wanakwenda wapi.

Bosi alipoona mstari haujashuka hata kiangazi, akaamua. Kuna nyumba tano jirani na mama zilikuwa zimeomba matangi. Akasema tujenge ya ukubwa uleule, kwa modeli ileile, na wiki inayofuata twende wote tukaone tangi la mama na kuongea na hao majirani. Nikasema sawa. Jumamosi nikaona nitangulie, nihakikishe pamefagiliwa na ule ubao uko safi. Ndiyo, hata safari hiyo nilifuata ubao. Sikumwambia mama kuwa naja.

Nilivuka daraja asubuhi kwa basi, nikashuka, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Niliita hodi, kimya. Nikazunguka nyuma. Na hapo nikaliona zizi.

Lilikuwa wazi, matawi ya miiba yamesogezwa pembeni. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Kuku alikuwa anaparura katikati na vifaranga wake, na hakukuwa na alama ya kwato hata moja isiyo ya zamani. Nilisimama pale na mkoba wangu wa mjini begani, na jambo nililolijua tangu utoto likanirudia lote kwa mara moja. Jamani! Nilisikia joto la aibu likinipanda mpaka masikioni, na hakukuwa na mtu wa kuniona.

Nikaingia jikoni. Maji ya buluu yalikuwa juu, sabini na zaidi. Nikatazama jiko la gesi. Lilikuwa safi kama siku ya kulinunua, limefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua alichokuwa anafunikia redio. Kwenye kona ya pili mafiga matatu yalikuwa na majivu ya moto, sufuria nyeusi juu yake, na kuni zimeegemezwa ukutani. Dari lote limepigwa moshi.

Nikaketi kwenye kigoda. Kichwa changu, mjinga yule, kilianza kupiga hesabu kabla ya moyo. Kama hapiki, gesi haitoki. Kama gesi haitoki, kidogo tu kinachoingia kinatosha kuyashikilia maji juu. Lakini hicho kidogo kinatoka wapi, na ng'ombe hawapo?

Nikasikia mtu anakuja. Anatembea hatua moja nzima, hatua moja ya kuburuta, hatua nzima, ya kuburuta. Nikatoka mlangoni. Mama alikuwa anapanda kutoka bondeni na karai kichwani, mkono mmoja umeshika karai, mwingine umeshika kiuno. Alikuwa amepinda upande kama mti wa njiani. Karai lilijaa mavi ya ng'ombe mpaka juu, na uji wake ulikuwa umemchuruzikia shingoni na kukauka.

Aliponiona alisimama. Kisha akatabasamu, na akajaribu kunyoosha mwili ili nisione.

"Heee! Ng'wanawane! Mwanangu! Mbona hukusema?"

Nilimtua lile karai. Mimi nina nguvu, nanyanyua vifuniko vya zege kazini, na karai lile lilinivuta mikono. Badala ya kumsalimia nikamuuliza, "Mama, ng'ombe wako wapi?"

Alinitazama kama nimeuliza ziwa liko wapi. "Si kiangazi? Baba yako mdogo aliwachukua zamani."

"Na haya ya nani?"

"Ya yule mwalimu mstaafu, ng'ambo ya kijito. Ana ng'ombe wa kisasa, hatoki bandani. Ananipa bure, mtu mwema sana yule."

"Kila siku?"

"Lakini karai moja tu. Na maji ndoo mbili. Si mengi."

Hapo, badala ya kupiga magoti, nilifoka. Ndiyo. Nilimfokea mama yangu akiwa na mavi shingoni kwa sababu yangu. Nikamwambia ana akili gani, mtu mzima na kuchechemea huko, anabeba mizigo ya punda, watu watasema nini, kwa nini hakusema, kwa nini hapiki na gesi wakati gesi ipo, mimi nilimjengea ili aepukane na moshi, sasa anakohoa moshi na kuvunjika mgongo vyote viwili. Nilipayuka mpaka kuku wakakimbia. Aliyestahili kufokewa pale alikuwa anafoka.

Mama alisubiri nimalize. Hana haraka mama yangu. Akachota maji kwa kata, akanawa shingo, akanawa mikono, akajifuta.

"Nikipika, maji yanashuka," alisema. "Na yakishuka unasema nimekuharibia."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliyasema kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini mlango wa nyumba unafunguliwa kwa nje. Niliketi chini pale pale, kwenye vumbi, nikalia kwa sauti. Mama akasimama juu yangu akinipapasa kichwa kwa mkono wenye maji, akisema, "Basi, basi, nyamaza, umekula?"

Mchana nilipika mimi, kwa gesi. Nilikitoa kitambaa cha maua, nikawasha plati zote mbili za jiko, nikapika ugali na samaki furu na mlenda, na maji ya buluu yakawa yanateremka ubaoni. Mama alikaa kwenye mkeka mguu umenyooshwa, na kila mara jicho lake lilikwenda kwenye ule mpira. "Zima moja," aliniambia. "Yatafika chini." Nikamwambia yafike. Hakufurahia kile chakula, alikula akitazama ukuta.

Baada ya kula nikachemsha maji mengine nikamkanda nyonga. Ilikuwa imevimba, ngozi imekaza, na nilipogusa mahali fulani alishika kiganja changu akakibana bila kutoa sauti. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema aliteleza kijitoni, siku nyingi, sio kitu. Siku nyingi! Maana yake kuna asubuhi ameteleza, ameinuka, amekwenda kumwaga karai kwenye tangi, amesoma ubao, na mimi nikapiga. Na nikasema, asante mama, kazi njema.

Nikamwambia, "Mama, nakuomba. Kuanzia leo, basi. Tangi lilale mpaka mvua zirudi na ng'ombe warudi. Mimi nitamwambia bosi ukweli. Hakuna namba ninayoitaka tena."

Akavuta kitenge akafunika goti.

"Mama, unanisikia? Mguu ukifa huu utafanyaje peke yako hapa? Niahidi utaacha."

Alikuwa ananitazama mikono, jinsi ninavyokamua kitambaa. Akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana hakika kama ana haki ya kukiuliza.

"Nikiacha, asubuhi utanipigia kwa sababu gani?"

Niliendelea kumkanda. Maji yakapoa kwenye beseni, nikaenda kuchemsha mengine ili nipate kumpa mgongo.

Jumatatu niliingia kwa bosi nikamwambia yote, nimesimama. Nikamwambia mstari wa kiangazi ni wa uongo na aliyeutengeneza uongo ni mimi, si mama. Nikamwambia matangi matano yale ama yatakauka kiangazi, ama wanawake watano watajitwika makarai. Alisikiliza huku anazungusha kalamu. Kisha akauliza swali moja.

"Hukujua kwamba ng'ombe wenu wanahama?"

"Nilijua."

Angenifokea ningepona. Akasema tu, "Haya," akaniambia niende kwa wale majirani mwenyewe, niwaeleze kwamba tangi hili ni la msimu, linapika wakati ng'ombe wapo, na anayelitaka hivyo alitake akijua. Nilikwenda. Wawili walikataa, watatu wakasema masika peke yake inatosha. Modeli nayo nimeiandika upya, ng'ombe wanatoka na kurudi, na mstari wa kiangazi unashuka mpaka chini kabisa, mbaya kuutazama. Nauacha hivyo hivyo ukutani.

Mama nilimpeleka hospitali, wakampa dawa na fimbo. Dawa anakunywa. Fimbo anafukuzia kuku. Mwalimu mstaafu nilimwomba, kwa heshima zote, asimpe tena samadi hata akiomba kwa magoti, na yule mzee akaniambia, "Binti yangu, mimi nilidhani wewe ndiye unayemtuma." Nikasema, ndiyo, mwalimu, ni mimi.

Halafu ikaja asubuhi ya kwanza isiyo na kipimo. Nilitoka nje kama kawaida, nikasimama karibu na mabomba, yule dada wa chai akinitazama kwa upendo. Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Na hapo nikakwama. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye lile swali wenyewe, nikaung'ata. Nikatafuta la kusema. Karibu mwaka mzima wa asubuhi, na sikujua mama yangu na mimi huwa tunaongea nini.

"Sijapima leo," alisema upande wa pili, kama anaomba radhi. "Ulisema nisipime."

"Siulizi maji, mama."

Nilimsikia anavuta kigoda, anakaa, anaguna kwa ile nyonga. Sauti yake iliporudi ilikuwa imebadilika.

"Niambie tu, nimeshakaa. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki mama. Nimepiga kukusalimia."

"Kunisalimia."

"Ndiyo. Kukusalimia tu."

Kisha akashusha sauti, ile anayomwekea mgonjwa, akaniuliza kama wamenifukuza kazi.